Kaswera Germaine, Mwanamke Aliyecheka Wima

Wasikilizaji wapendwa wa Beni, wa Butembo, na ninyi mlio mashambani na redio ndogo mfukoni, hamjambo. Leo hatukuanza na muziki. Tumeanza na kicheko cha mwanamke mmoja, mmekisikia sasa hivi. Kicheko kirefu, kinachoanzia chini tumboni. Nina hakika wengi wenu mmemtambua kabla sijataja jina.

Ni Kaswera Germaine. Yaya Kaswera, dada wa wote. Mchekeshaji wetu, mwigizaji wetu, mama wa kundi la Cheka Wima. Kaswera Germaine amefariki. Amefariki Jumanne asubuhi, nyumbani kwake katika komini ya Mulekera, hapa Beni. Alikuwa na miaka arobaini na sita.

Mimi ni Timothée, na saa hii yote ni yake.

Kaswera alizaliwa Musienene, kule juu kwenye baridi, penye maharagi na viazi. Mama yake alikuwa akiuza viazi sokoni. Siku ya soko Kaswera aliketi nyuma ya magunia na kuwatazama wanunuzi kutoka Butembo. Alimtazama yule anayekibonyeza kiazi kama daktari anayebonyeza tumbo. Alimtazama yule anayeondoka kwa hasira ili aitwe arudi. Jioni, jikoni, aliwarudisha wote mmoja mmoja, na mama yake alilazimika kuepua chungu ili asikipindue kwa kucheka.

Dada yake mkubwa, Anne-Marie, anakumbuka Pasaka moja. Parokia ilikuwa inaigiza mateso ya Bwana. Vijana wakubwa walipewa kuwa Pilato, kuwa Petro, kuwa askari. Kaswera, aliyekuwa na miaka kumi hivi, alipewa kuwa jogoo. Kazi yake ilikuwa moja tu: akae nyuma ya pazia, Petro akishamkana Yesu, yeye awike. Basi.

Ikafika zamu ya Petro, na Petro akasahau maneno. Akasimama. Kanisa zima likasimama naye. Watu wakakohoa. Padri akakunja uso. Kaswera akangoja, akangoja, mwisho jogoo akafungua pazia akatoka. Mikono kiunoni, manyoya ya kuku kichwani.

"Petro!" akasema. "Mukane basi! Miye nachoka. Nataka niwike niende nilale!"

Anne-Marie ametuambia hivi: "Padri alimushika sikio, akamutosha inje. Mais mama yetu alikuwa anacheka ndani ya kitambaa. Mi niliona. Na Petro, ile kicheko ilimurudishia maneno yake. Alimukana Yesu muzuri sana."

Wasikilizaji wapendwa, hiyo ndiyo iliyokuwa kazi ya Kaswera hadi mwisho. Pale wengine walipokaa kimya, yeye alifungua pazia.

Aliolewa Beni. Mume wake aliitwa Lusenge, mkulima, mtu wa maneno machache na hamu kubwa ya chakula. Walipata mtoto mmoja, Audrey. Waliishi Mulekera, na shamba lao lilikuwa mbali kidogo, upande wa msitu. Mwaka ule wa 2014, mwaka wa mapanga, ambao hakuna mtu wa Beni anayehitaji kuelezwa, Lusenge alienda shambani asubuhi na hakurudi. Walimleta majirani, akiwa amefunikwa.

Watu walilia. Siku za matanga zikapita. Lakini mama yake Lusenge, Mama Syauswa, hakulia. Alikaa ukutani, macho makavu, hali, hasemi. Watu wakaanza kumhofia.

Jioni moja, watu bado wamejaa uani, Kaswera akainuka. Akachukua jembe la marehemu, akaliweka begani. Akatoka hadi njiani, akageuka, akarudi. Lakini aliyerudi hakuwa Kaswera. Alikuwa Lusenge. Ule mwendo wa goti moja zito. Ile namna yake ya kuegemeza jembe, kulitazama, na kuliegemeza upya. Akakaa kwenye jiwe, akanawa mguu mmoja. Mmoja tu. Kabla ya kugusa wa pili, akainua kichwa:

"Fufu iko? Maana mukono iko, mudomo iko, tumbo iko. Inabakia fufu tu."

Shangazi mmoja akasema, "Huyu mwanamuke amepata wazimu." Ndipo Mama Syauswa akafungua kinywa chake kwa mara ya kwanza tangu mazishi.

"Rudilia," akasema.

Kaswera akarudi njiani, akaja tena na jembe.

"Rudilia tena."

Mara hii Mama Syauswa akacheka. Akacheka hadi akapiga magoti chini, na kile kicheko kikageuka kilio, na kilio kile kilisikika hadi kwa majirani. Usiku huo alikula.

Lakini msidhani familia ilimpa maua. Kesho yake wazee wa ukoo walimwita. Wakamwambia: mujane hapana kuchekesha batu. Batu batasema nini?

Kaswera akawajibu: "Batasema ile banataka. Miye nalia asubui, nalia mangaribi. Katikati munipe ruhusa nipumue."

Hawakumpa. Akaichukua.

Akamtafuta Kahongya, motari aliyekuwa akimbeba kwenda sokoni na ambaye alikuwa na kipaji cha kuigiza sauti ya kila pikipiki ya Beni, pamoja na ugonjwa wake. Wakaanza uani kwa Kaswera, mbele ya majirani. Hawakuwa na maandishi. Hawakuwa na kitabu cha maneno ya kukariri. Kaswera alisimama mbele ya watu na kusema, "Munipe neno." Watu wakapiga kelele: Mukwe! Courant ya umeme! Mvua! Na kutoka katika neno hilo moja, wao wawili wakajenga mchezo mzima papo hapo, huku na wao wenyewe hawajui utaishia wapi.

Kundi wakaliita Cheka Wima. Nilimuuliza Kahongya kwa nini jina hilo. Akanijibu: "Yaya alisema, mutu mwenye anainama, banamuwekea muzigo kwa mugongo. Donc tutacheka wima."

Sasa twende Mangina, mwaka 2018.

Ebola ilikuwa imeingia. Mnakumbuka hofu ile, na mnakumbuka pia hasira. Watu walikuwa wamezika ndugu zao kwa miaka kwa sababu ya mapanga, bila gari hata moja kuja. Sasa magari yalikuja mengi, na watu wamevaa nguo nyeupe hadi machoni. Wengi hawakuamini. Kundi moja la uhamasishaji likamwajiri Kaswera aende kuigiza, likampa karatasi ya maneno. Maneno mazuri, Kiswahili kilichonyooka. "Ndugu wananchi, ugonjwa huu ni wa kweli."

Alisoma mstari huo mmoja tu. Bonge la udongo likampiga begani.

"Toka na bongo yako, uongo yako!" akapiga kelele mwanaume mmoja.

Wale wa uhamasishaji wakakimbilia gari, wakaondoka. Kaswera hakukimbia. Alipangusa bega, akakunja karatasi, akaitia ndani ya kitenge.

"Weye papa mwenye kutupa vizuri, jina lako?"

"Kambere."

"Papa Kambere, kuja. Weye utacheza Ebola. Miye nitacheza weye."

Watu wakacheka, wakamsukuma Kambere mbele. Na Kambere, kwa kuwa alikuwa na hasira, alicheza vizuri. Alikuwa Ebola kwelikweli. Aliingia nyumbani bila hodi, akamkumbatia kila mtu, akakaa kwenye kiti cha baba. Kaswera naye akawa Kambere: mkaidi, kifua mbele. "Karibu, mukwe wangu! Banasema weye hauko, mais ona vile umenenepa! Kaa, kula. Hii ni muke yangu, musalimie. Hii ni batoto, basalimie bote!"

Uwanja ulikuwa unacheka. Ndipo Kambere akasimama katikati ya mchezo. Mikono ikaanguka. Akasema kwa sauti ndogo, "Miye nilimuosha mama yangu mbele ya kumuzika. Na mwili yangu iko moto tangu jana."

Hakuna aliyecheka tena. Lakini hakuna aliyekimbia pia. Kaswera hakumgusa, alijua. Alikaa chini, mbali kidogo, akimtazama usoni. Akamwambia, "Papa Kambere, mi nitakaa hapa na weye mupaka bakuje. Tuendelee kuongea." Wakaongea juu ya bei ya kakao hadi gari likarudi.

Kambere alipona. Wasikilizaji wapendwa, nasema tena: alipona. Ndiye aliyetupigia simu asubuhi ya leo, akashindwa kumaliza sentensi.

Na Kaswera? Kaswera alifukuzwa kazi ile. Walimwambia hakufuata maandishi. Yeye akawajibu, "Mulitafuta kasuku, mukaita mutu. Ni kosa yenu." Akapanda pikipiki ya Kahongya, akaendelea kuzunguka Mangina bila wao, akichukua neno katika kila kijiji.

Baadaye ikaja miaka ya état de siège, mji ukiwa mikononi mwa wenye sare. Katika miaka hiyo Kaswera alimzaa jukwaani mtu ambaye mlimpenda kuliko wote: Chef wa Barrière, mkubwa wa kizuizi cha barabarani. Mtu mwenye kamba, kofia na kiti. Kila mwenye kupita alitakiwa kitambulisho. Chef alimuuliza kuku kama ana carte d'électeur, kadi ya mpiga kura. Na siku moja akamsimamisha mwanamke mjamzito, akamzunguka, akamtazama tumbo. "Carte yako nimeiona. Ya huyu wa ndani iko wapi? Anapita barrière yangu amejificha!"

Watu walicheka kwa sababu walimjua Chef huyo. Walikuwa wamekutana naye asubuhi ileile.

Kesho yake wenye sare walikuja kumchukua Kaswera. Afisa mmoja, ambaye hatutamtaja jina, alimweka mbele ya meza yake. Akamuuliza kwa Lingala, "Ozoseka nani?" Unamcheka nani?

Kaswera akamwambia: "Mi sikutaja jina ya mutu, Chef. Ni weye unajitaja."

Kwa jibu hilo alikaa cachot, yaani mahabusu, siku kadhaa. Hatujui yote yaliyompata mule, na mwenyewe hakupenda kuyasema. Lakini polisi mmoja aliyekuwa akilinda mlango, Mama Kapinga, mzaliwa wa Kasai, amekubali kuongea nasi. Amesema mtaje jina langu, sina haya.

"Banamuke ba mule ndani balikuwa balizoea kulia tu," anasema Mama Kapinga. "Yeye aliingia, akabauliza, munipe neno. Wa kwanza akasema: kunguni. Eeh, baba! Alituchezea kunguni yenye inakuya kulipisha ba-prisonniers kodi ya nyumba. Mukubwa akaniita, akasema kataza kicheko mu cachot. Mi nikamuambia, mon chef, mulango nitaufunga. Kicheko nitafunga na kofuli gani?"

Siku ya kumwachilia, afisa alimpa sharti. Aende nyumbani, acheze akitaka, lakini neno barrière asilitamke tena jukwaani. Akilitamka, atarudi, na safari hii hatatoka mapema. Kaswera akasema, "Nimesikia."

Jumapili iliyofuata salle, ule ukumbi wa michezo, ilijaa hadi madirishani. Ukutani walisimama wanaume wasio na sare, wenye viatu vya sare. Nyuma ya pazia Kahongya alikuwa ameiweka kofia chini. Ananiambia hili bila kuona haya: alitaka kuondoka.

"Yaya, leo tucheze mukwe," alimwomba. "Tucheze mvua. Mi niko na batoto."

"Batoto bako bako mu salle," Kaswera akamwambia. "Banakuangalia. Kamata kofia."

Ndani ya kifua chake, wasikilizaji, na yeye aliogopa. Alimwambia binti yake Audrey baadaye kwamba ulimi ulikuwa umekauka hata akajiuliza kama utasema. Lakini alitoka. Alisimama mbele ya watu, akawatazama wale wa ukutani, akasema kama siku zote:

"Munipe neno."

Watu wote walikuwa na neno moja kinywani, na kila mtu alilimeza.

Halafu kutoka nyuma kabisa ikasikika sauti ya mwanamke mzee. Kavu, ya juu.

"Barrière!"

Alikuwa Mama Syauswa. Mama mkwe. Alikuwa hajawahi kuingia salle ile. Wazee wa ukoo walikuwa wamemkataza. Alisimama na fimbo yake, akarudia, "Barrière! Banikamate miye, miye ni muzee, nitabakufia kwa mikono."

Salle nzima ikaitika. Barrière! Barrière! Mbao za paa zilitikisika. Kaswera akaweka kidole mdomoni. Akafungua kitambaa chake kichwani, akakifunga kutoka kiti hadi mkono wa Kahongya, kikawa kamba. Akavaa kofia. Na akacheza mchezo wote bila kusema neno. Hata moja. Alikagua kuku. Alikagua mbuzi. Alimkagua mjamzito, akabisha hodi tumboni, akangoja jibu, akakasirika kwa kukosa jibu. Mmoja wa wale wa ukutani alicheka hadi akageuka, akaegemea ukuta kwa mikono miwili, mabega yakiruka.

Kaswera hakulitamka neno lile. Alishika sharti. Ni sisi tuliolitamka, na sisi tulikuwa wengi.

Hakukamatwa tena.

Kisha ugonjwa. Uvimbe kwenye titi. Daktari wa Butembo alimwambia ukweli, na ukweli ni kwamba matibabu aliyohitaji yako mbali na hapa, na yalianza kwa kuchelewa. Watu wa karibu walimshauri aseme ni malaria. Saratani ni neno linalosemwa kwa kunong'ona. Kaswera akakataa kunong'ona.

Mchezo wake wa mwisho ulikuwa Butembo, mwaka huu, kabla ya mvua kubwa. Alicheza ameketi. Akaomba neno, na msichana mmoja, bila kujua, akasema, "Perruque!" Nywele za bandia. Kahongya akafumba macho. Kaswera akavua kitambaa. Kichwa kilikuwa wazi kama yai.

"Perruque? Unitafutie kwanza nywele ya kufunika!"

Walipomaliza kucheka na kunyamaza, akawaambia wanawake waliokuwa pale. Aliwaambia bila kupamba. "Bamama, mukiwa mu bafu, muguse maziwa yenu. Mutafute kabuje, kavimbe kadogo. Na kama papa anauliza unafanya nini, mumuambie Kaswera ndiye alinituma." Mganga mmoja wa hospitali ya pale amethibitisha kwetu kwamba wiki zilizofuata wanawake walikuja kupimwa, na walipoulizwa nani aliwatuma, walitaja jina hilo.

Audrey ana miaka ishirini na mmoja. Nilimtembelea jana. Nilimuuliza swali ambalo sisi watangazaji huuliza daima: mama alienda kwa amani? Akanitazama.

"Hapana, papa Timothée. Batu banapenda kusema vile. Mama hakuenda na amani. Alienda na hasira. Alikuwa na mipango, alikuwa anataka kufika Kisangani na kundi, alikuwa anataka kuona mi namaliza masomo. Hakukubali. Mupaka Jumanne asubui hakukubali. Museme vile ku redio."

Nimesema, Audrey.

Wasikilizaji wapendwa, tunatoa pole kwa Audrey, binti yake. Pole kwa Mama Syauswa, ambaye sasa amezika mtoto na anakwenda kuzika mkwe. Pole kwa Anne-Marie na familia yote ya Musienene. Pole kwa Kahongya na kundi la Cheka Wima. Wasingya, Yaya Kaswera. Asante.

Na wewe unayesikiliza, ukae kidogo na hili leo. Katika nyumba yako, ni nani ameambiwa anyamaze? Mjane? Mgonjwa? Kijana mwenye mdomo? Na aliyemnyamazisha ni nani? Isije ikawa ni wewe. Fikiri, kisha ukifikiri, uende ukamwambie aseme.

Kabla ya kufunga, nina matangazo mawili.

La kwanza limetufikia kutoka kwa wakubwa wa mji. Tumeombwa tulisome, na tunalisoma. Mazishi ya Kaswera Germaine yawe mafupi, yahudhuriwe na familia pekee, bila msafara, bila ngoma na bila michezo ya aina yoyote. Tumelisoma.

La pili linatoka kwa familia. Mwili utatoka nyumbani Mulekera Jumamosi asubuhi, baada ya misa, kwenda Musienene kwa njia ya Butembo. Tulimuuliza Mama Syauswa ni nani wanaohesabiwa kuwa familia. Akajibu: kila mutu mwenye alicheka.

Basi familia, tukutane Jumamosi. Mje wengi. Mje na ngoma.